Wimbo Uliolazwa Mwenyewe Akiwa Hai

Kwa Nkambo Albertine,
Pweto, upande wa soko la samaki

Lubumbashi, Commune ya Kenya,
Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025

Mpendwa Nkambo Albertine, bibi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa nyumbani. Habari ya mwili? Habari ya magoti yako, ambayo Mama alisema yalikuwa yanakusumbua mwaka jana? Unalala vizuri? Unakula? Ninajua kwamba katika barua tunauliza mambo haya kwanza, na anayesoma huyapita haraka ili afike kwenye habari. Ninakuomba usiyapite. Barua hii yote, Nkambo, ni swali hilo moja: uko mzima?

Sisi hatujambo. Mvua imeanza, na mbele ya mlango kuna matope mekundu mpaka kwenye kisigino. Mama Mumba bado anashona sare za shule, na mashine yake inapiga kelele tangu asubuhi. Nkambo Alphonse, kaka yako na baba wa Mama, anakula kidogo sana. Macho yake yamepungua nguvu, lakini masikio yake ni mazima. Nitarudi kwenye masikio yake.

Mimi na wewe hatujaonana. Jina langu ni Chishimba, mtoto wa tatu wa Mumba. Nina miaka kumi na sita, niko mwaka wa tano upande wa ualimu, na ninaimba sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia, ile kwaya yenu. Mama amekuwa akijaribu namba yako kila Jumapili baada ya misa. Tangu mwezi wa nne haiiti. Anajibu yule mwanamke wa kwenye mashine, kwa Kifaransa, na Mama humsikiliza mpaka amalize, kana kwamba siku moja anaweza kusema jambo lingine.

Kwa hiyo ninaandika. Fils, dereva anayeleta samaki wakavu kutoka kwenu, anaondoka Jumatatu. Amekubali kukuletea barua hii mkononi, asimpe mtu mwingine, na kukungoja siku mbili kabla hajapakia mzigo.

Acha kwanza nikuambie habari za kwaya, maana najua uliipenda.

Tarehe 14 Desemba kwaya itatimiza miaka sitini. Maestro wetu wa sasa anaitwa Ruphin. Ni mwalimu kijana wa hesabu na anapiga piano ya umeme kwa vidole virefu sana. Tuna bafle nne, zile spika kubwa nyeusi, na mavazi ya rangi ya zambarau. Piano ina kitufe ambacho ukikibonyeza ngoma zinajipiga zenyewe. Nyimbo za Maestro Ruphin ni nzuri, Nkambo, sitaki ufikiri kwamba ninazidharau. Kuna moja ya Noeli ambayo nikiiimba nasikia baridi mgongoni.

Lakini mimi nimelelewa na Nkambo Alphonse, kwa hiyo nina hamu ya vitu ambavyo sikuvikuta. Amenisimulia mara nyingi hivi kwamba naona kama nilikuwapo. Unisahihishe pale ninapokosea.

Anasema kanisa lilikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na nyimbo za Kilatini ambazo wazazi wenu waliziimba vizuri bila kujua zinasema nini. Halafu ruhusa ikaja ya kuimba kwa lugha ya nyumbani, na vijana tisa wakabaki wakitazamana, maana nyimbo zenyewe hazikuwapo. Ilibidi zitungwe. Na kitu pekee mlichokijua kwa damu, mbali na Kilatini, kilikuwa ule mwito wa baba yenu kazini. Alikuwa katika kundi la kubadilisha reli. Mtu mmoja anaita, wengine wanaitika na kuinua chuma kwa pamoja. Asipoita, hakuna anayeinua. Akiita nao wasiitike, chuma kinaanguka, na kuna wanaume waliovunjika miguu kwa sababu hiyo.

Ndivyo nyimbo zenu zilivyozaliwa. Kila wimbo ukawa na mwenye mwito wake, mmoja tu, yule aliyeutunga. Mkatundika kipande cha reli kwenye mti wa uani na kukigonga kwa bolti badala ya kengele. Mkatia mbegu katika makopo ya maziwa. Pasaka ya kwanza ya ngoma, baadhi ya mama walitoka nje kwa hasira, lakini walisimama dirishani mpaka mwisho, na mmoja wao alikuwa anatikisa bega. Kisha zikaja gitaa, zile za kwanza za bidoni, yaani dumu la mafuta, na waya, baadaye za kweli. Kisha kaseti mliyoirekodi sakristia, ambamo kuku anasikika. Kisha miaka ya njaa, watu wakaimba bila kitu chochote, na Nkambo Alphonse anasema sauti za miaka ile zilikuwa safi kuliko zote. Makopo ya maziwa nimeyaona kwa macho yangu. Yako kabatini, na mbegu zimekuwa unga. Ukiyatikisa hayatoi sauti.

Na kuna wimbo wako. Uliutunga ukiwa na miaka kumi na minane, wa kuingilia kanisani. Nkambo Alphonse anasema ulipoolewa Pweto hakuna aliyeugusa. Ulikungoja. Uliimbwa mara moja tu kwa mwaka, ulipokuja na vikapu vya samaki, na watu walijua kwamba Albertine amefika kwa kusikia mwito kabla hawajakuona.

Hayo ndiyo niliyoyajua tangu utoto. Na nilijua jambo moja zaidi, kwamba wimbo huo umelala. Kila mtoto wa kwaya anafundishwa desturi hii. Mwenye mwito akifa, siku ya mazishi kwaya inauimba wimbo wake bila mwito. Maestro anapiga kiganja polepole kuhesabu mahali pa mwito, watu wananyamaza muda wote huo, kisha wanauitikia ukimya. Wimbo unalala hapo. Baada ya mwaka au zaidi, ndugu wa damu anasimama mbele, anamwita marehemu kwa jina mara tatu, anauchukua mwito au kumpa kijana wa ukoo, na wimbo unaamka ukiwa wa aliyeupokea.

Nilijua wimbo wako umelala, na nilijua wewe uko hai Pweto, maana Mama alikuwa akikupigia simu kila Mwaka Mpya. Sikuwahi kuuliza inawezekanaje. Mtoto anakuta vitu nyumbani vimepangwa hivyo na kufikiri ndivyo vilivyo.

Sasa nije kwenye jambo lililotokea.

Ilikuwa Jumapili tarehe 19 Oktoba, misa ya pili, yapata saa nne asubuhi. Tulikuwa tunaingia na wimbo wa Maestro Ruphin. Katikati ya ubeti, umeme ukakatika. Piano ikanyamaza, bafle zikanyamaza, ngoma ya kitufe ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Nasi ndio tulionyamaza zaidi, kwa sababu tumezoea kusikia mashine ndipo tujue tuko wapi.

Ukimya ule haukuwa wa kawaida. Nilisikia mvua ikidondoka mara moja moja kwenye bati. Mtoto mchanga aliyekuwa analia aliacha, akageuza shingo kutazama benchi la wanawake karibu na nguzo ya pili. Pale kuna nafasi moja ambayo haikaliwi. Hakuna anayekataza. Tukijazana namna gani, nafasi ile inabaki, na wageni wakikaa pale hujisogeza wenyewe baada ya dakika chache.

Kisha wazee wakaitika. Mama Germaine, Nkambo Alphonse kwenye kiti chake cha mbele, na wengine watatu wa zamani: "Ingia, ingia, nafasi yako ipo." Wakanyamaza muda, wakaitika tena. Mara ya tatu sisi vijana tuliingia pamoja nao, sauti zote nne, na hatukuwa tumefundishwa wimbo huo hata siku moja. Hakuna aliyepiga kiganja. Hakuna aliyehesabu. Tuliingia pamoja kama mlango mmoja unaofungwa.

Umeme ukarudi. Piano ikaanza kujipigia ngoma peke yake, kwa nguvu, na watu wakashtuka mpaka wengine wakacheka.

Baada ya misa nilimwambia rafiki yangu Nono kwamba yule mama aliyeimba mwito ana sauti nzuri, kavu kidogo lakini nzuri.

"Mama gani?" akaniuliza.

"Yule aliyekuwa anaita."

"Chishimba, weye! Hakuna muntu aliita pale. Ulikuwa unalala ukisimama, sawa punda?"

Alikuwa amerekodi kwa simu tangu mwanzo wa misa, akanisikilizisha. Kweli, hakuna mwito. Kuna mvua, kuna benchi linalolia, kisha tunaitika. Lakini kabla ya kila ukimya kuna pumzi inayovutwa, karibu kabisa na simu, kama ya mtu anayejitayarisha kuimba. Nono alisema ni yake mwenyewe. Tukasikiliza mara ya pili, naye hakusema tena kwamba ni yake. Aliifuta ile sauti kwenye simu, na tangu siku hiyo hapendi kusimama upande wa nguzo.

Mimi nilirudi nyumbani na kuandika maneno nyuma ya daftari la historia kabla sijayasahau. Sikuogopa wakati ule. Nilifikiri Nono hana masikio mazuri. Nakuandikia hapa kama nilivyoyaandika:

Nani yuko ndani? Mimi niko mlangoni.
Nimetoka mbali, miguu ina vumbi.
Nimeita mara tatu, sasa ninangoja.

Jioni nilimsomea Nkambo Alphonse. Alikuwa anakunywa chai. Mstari wa kwanza aliweka kikombe chini. Mstari wa pili akafumba macho na midomo yake ikasema pamoja nami. Mstari wa tatu akafungua macho.

"Hapana," akasema. "Ya tatu haiko hivyo. Albertine alikuwa anaimbaka: sina kitu mukononi, nina sauti peke yake. Nani alikupatia hii?"

"Hakuna, Nkambo. Niliisikia kanisani."

"Ni Mumba njo alikuambia?"

Mama akajibu kutoka kwenye cherehani, "Mi? Mi siyui hata moja ya ile mambo, tata. Weye ulikataza tusiulize."

Hapo Nkambo Alphonse alilia. Mimi sijawahi kumwona akilia, hata siku ya kumzika mke wake. Alilia bila sauti, chai ikapoa, kisha akanieleza. Ninaandika aliyonieleza, na wewe unayajua kuliko yeye, lakini ninataka ujue kwamba ameyasema kwa kinywa chake.

Alisema wakati wa vita, njia ya Pweto ilipokatika, alifika mtu aliyekimbia kutoka huko akasema mtumbwi umezama ziwani na wewe ulikuwa ndani, amekuona. Walikulilia siku saba. Kwaya ikaulaza wimbo wako, na yeye mwenyewe, maestro wa wakati ule, ndiye aliyepiga kiganja. Baada ya miezi tisa barua yako ikafika kutoka kambi ya wakimbizi Zambia. Alisema alikimbia nayo njiani bila viatu. Lakini furaha ilipopoa, wazee wa kwaya walikaa wakatazamana. Hakuna aliyejua namna ya kuamsha wimbo wa mtu aliye hai. Kumwita mara tatu kwa jina ni kumwita katika wafu. Je, akiitika? Wakaogopa, wakasema tungoje. Na kungoja kukawa desturi.

Halafu ukaja, mwaka 2003. Hakuna aliyekuambia chochote. Kila mtu alifikiri mwingine atakuambia. Jumapili ulisimama mahali pako karibu na nguzo ya pili, ukaanza mwito, na kanisa zima likanyamaza. Ukafikiri hawakukusikia. Ukaita mara ya pili. Mama Germaine alifunika mdomo kwa kitambaa. Mara ya tatu uliita polepole, kama mtu anayeuliza, ukamtazama kaka yako. Naye alitazama chini. Ukakaa. Kesho yake ulipanda lori, na tangu hapo hujakanyaga Lubumbashi.

Nkambo, nilipokuwa naandika mstari ule wa tatu nyuma ya daftari langu, sikuyajua hayo. Nilizaliwa miaka sita baadaye. Mama hakuyajua yote, kwa sababu alikuwa mbali, Kasenga, kwa mume wake wa kwanza. Ninaapa kwa Mungu kwamba hakuna aliyenieleza.

Tangu siku hiyo kuna mambo nyumbani. Adhuhuri, Nkambo Alphonse akiwa amekaa peke yake, ghafla husema kwa sauti ya kuimba: "Ingia, ingia, nafasi yako ipo." Mlangoni hakuna mtu. Juzi mama mmoja muuza mboga alikuwa anapita, akaingia na beseni lake kichwani.

"Tata, unaniita? Unataka lengalenga ao matembele?"

Tulicheka, na Mama akanunua lengalenga kwa aibu. Lakini yule mama alipotoka, nilimwona akimpisha mtu mlangoni, kama unavyompisha mgeni anayeingia wakati wewe unatoka. Hakukuwa na mtu. Nkambo Alphonse hakucheka nasi. Aliniambia niongeze kikombe mezani. Nikaongeza. Ningefanya nini?

Habari imeenea kanisani, na hapa ndipo penye shida yangu. Mama Germaine na wazee wengine wanasema kwamba safari hii umekufa kweli, ndiyo maana namba haiiti, ndiyo maana kwaya iliitikia ukimya kama siku ya mazishi. Kamati ya kwaya ikakaa. Imeamua kwamba siku ya sikukuu, tarehe 14 Desemba, wimbo wako utaamshwa. Nkambo Alphonse, kama ndugu wa damu, atasimama mbele ya watu wote na kukuita mara tatu katika wafu, na mimi nitapewa mwito. Wamekwisha kunipima gauni.

Kaka yako amekataa. Alisema mbele ya kamati, "Nilimuzika mara moja eko muzima. Mara ya pili hamunipate." Walimjibu kwa heshima kwamba asiposimama yeye, atasimama Mama. Akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo anakula vijiko viwili tu, kisha anasukuma sahani.

Mimi, Nkambo, ninataka sana kuimba mwito ule. Nitakuambia ukweli, kwa sababu mwalimu wetu anasema barua isiyo na ukweli ni bahasha tu. Tangu nikiwa mdogo nilitamani niwe na mwito. Usiku uliofuata uamuzi wa kamati niliota nimevaa gauni lile. Lakini sitaki kuupata kwa njia ya kukutia kaburini.

Na siamini kwamba umekufa. Nina sababu yangu. Siku ya kulaza wimbo lazima mtu ahesabu kwa kiganja, kwa sababu ukimya hauna kipimo. Siku ile hakuna aliyehesabu, na tuliingia pamoja. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, hata katika somo la hesabu, mpaka Maestro Ruphin akanitoa ubaoni. Kwaya inaingia pamoja pasipo kuhesabu kwa sababu moja tu: inamsikia anayeita. Na mfu angeimba mstari wa zamani, ule uliolazwa kabla ya mwaka 2003. Ni mtu aliyeishi baada ya siku ile alipoita bila kuitikiwa, akaendelea kuuimba peke yake, mahali fulani, akabadilisha maneno. Nafikiri ni wewe, kando ya ziwa, huku unageuza samaki juani. Nafikiri umekuwa unaita miaka hii yote. Sijui kwa nini tumekusikia sasa. Labda kwa sababu bafle zilinyamaza.

Kama nimekosea, na kama barua hii inasomwa na mtu mwingine mezani pako, ninamwomba mtu huyo amwambie Fils tu, polepole, nasi tutajua.

Lakini kama ni wewe unayesoma, ninaomba mambo mawili. La kwanza, niambie kama mstari wa tatu ni wako. La pili, uje. Mahali pa kukaa karibu na dereva pamekwisha kutafutwa, na Fils anasema hapakii samaki karibu na mama mkubwa. Kama magoti hayakuruhusu, uimbie kwenye simu yake, naye atatuletea.

Najua utauliza kama safari hii wataitika. Mimi pia niliuliza. Kwa majuma matatu nimepita nyumba kwa nyumba, baada ya shule, nikiwauliza wanakwaya mmoja mmoja: Albertine akisimama na kuita, utaitika? Tuko ishirini na sita. Vijana wote walikubali, isipokuwa Nono, aliyesema ataitika akiwa amesimama upande mwingine. Maestro Ruphin alisema atazima piano, na nilipoondoka alinirudisha akaniomba nimwimbie ule mwito, ili ajue uko katika sauti gani. Sikuweza. Nilifungua mdomo na haukutoka. Si wangu.

Mama Germaine nilimwacha wa mwisho. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Weye mutoto wa juzi," akaniambia, "unakuja kunifundisha namuna ya kulia rafiki yangu? Tulivalaka nguo moja na Albertine. Unajua ile?"

"Ninajua, mama."

"Haujue. Kama eko muzima, anakuja, anasimama pale, anaita, mi natazama uso yake, miaka ishirini na mbili. Nitaitika na mudomo gani?"

"Na huo ulioitika siku ile umeme ulipokatika, mama."

Alinitupia punje ya maharagwe. Iliniangukia kifuani. Kisha akainama juu ya ungo, akaendelea kuchambua, na nilipokuwa nje uani nilimsikia akijaribu sauti yake ya pili, chini chini, ile sehemu ya kuitika. Nimemhesabu kati ya waliokubali.

Giza linaanza kuingia na Mama anataka meza. Nisalimie wote wa kwenu, na hasa Chama, binti yako, na watoto wake ambao majina yao sijui bado, na majirani wanaokuchotea maji. Mama Mumba anakusalimu na anauliza kipimo chako cha bega, amekuwekea kitambaa cha zambarau. Bwalya, mdogo wangu, anauliza kama ziwa lina mwisho. Maestro Ruphin anakusalimu ingawa hamjuani. Mama Germaine hakunituma salamu, lakini nilipomwambia barua inaondoka Jumatatu alisema, "Basi andika vizuri."

Mungu aliyekutoa katika maji na katika vita akulinde njiani, akutie nguvu magotini, akufikishe kwetu ukiwa na sauti yako.

Ni mimi mjukuu wako, nikupendaye kabla sijakuona,

Chishimba Marie-Thérèse

Nkambo Alphonse ameomba kalamu. Anasema hataki nimwandikie, ataandika mwenyewe hapa chini, hata kama mistari inapanda.

Albertine mudogo yangu. Ni mi Yaya, mukubwa yako. Ile siku nilikusikia mara zote tatu. Nilikusikia muzuri. Niliogopa bantu bazima, sikuogopa bafu. Unisamehe ao usinisamehe, lakini kuja. Ukiita, mi nitaitika, hata kama bengine bote banyamaze.